Densiti ya lb/bu na lb/ft3 kwenda kilo kwa debe: kihenge hiki kinaingia gunia ngapi?

Mkulima_Kongwa

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada wa hesabu maana kwenye kikundi chetu tumeshabishana mpaka vikao viwili vimeisha bila mwafaka.

Sisi tuko wilaya ya Kongwa, tunalima mahindi, mtama na alizeti. Tumepata kihenge cha chuma, mtumba, kilitengenezwa Marekani, na kiko kwenye hali nzuri tu. Kibao chake kimeandikwa 500 bu, yani busheli 500, kile kipimo cha ujazo wa nafaka cha Kimarekani. Kile kitabu chake cha maelekezo kuna ukurasa mahindi yameandikwa 56 lb/bu (paundi kwa busheli), ukurasa mwingine mahindi hayo hayo yameandikwa 45 lb/ft3 (paundi kwa futi ya ujazo), na alizeti imeandikwa 25 lb/bu. Kilo hakuna hata sehemu moja. Tumekipima wenyewe kwa tepu ya fundi, kipenyo cha ndani ni futi 9 na ukuta una kimo cha futi 10.

Sasa huku mnajua watu wanahesabu kwa debe na gunia, gunia moja debe 6. Mwenyekiti anasema busheli ni kama debe mbili kwahiyo 500 bu ni debe 1,000, gawa kwa 6 unapata gunia 166. Katibu kaingia mtandaoni kapata busheli ni lita 35.24, kagawa kwa lita 20 za ndoo kapata debe 881, yani gunia 147. Mweka hazina yeye kapiga kwa uzito kapata gunia 127. Watu watatu majibu matatu na kila mtu ana kalkuleta mkononi anaonesha.

Hili sio jambo dogo kwetu kwasababu kila mwanachama anataka kujua ana nafasi ya gunia ngapi mle ndani, na pesa alizochanga zinaenda na hiyo nafasi. Nani yuko sahihi? Na hizi densiti za paundi kwa futi za ujazo nazigeuzaje ziwe kilo kwa debe ili niweze kumweleza mtu ambaye hajui futi ya ujazo ni kitu gani? Nawasilisha.

FundiMizani

Mkuu karibu. Nifanye hesabu hatua kwa hatua halafu nije kwenye ubishi wenu, maana jibu lake linafurahisha.

Densiti yoyote ni vitu viwili, uzito juu na ujazo chini. Kwahiyo ukiigeuza unageuza mara mbili, wengi wanageuza juu wanasahau chini. Paundi 1 ni kilo 0.4536. Futi 1 ya ujazo ni lita 28.317. Hapo kwenye futi pana mtego, mita moja ni futi 3.28 ila mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.31, sio 3.28, lazima uzidishe 3.28 mara tatu yenyewe kwa yenyewe. Nimeona watu wanapiga 45 mara 3.28 wanapata kitu cha ajabu wanadhani kitabu kimekosewa.

Haya, 45 lb/ft3: 45 mara 0.4536 ni kilo 20.41, hizo zimekaa ndani ya lita 28.317, kwahiyo lita moja ina kilo 0.721. Debe la lita 20 ni kilo 14.4. Ukitaka njia ya mkato ya kuandika ukutani, zidisha paundi kwa futi za ujazo kwa 0.32 unapata kilo kwa debe la lita 20.

Sasa njoo kwenye 56 lb/bu. Busheli ya Marekani ni lita 35.239. 56 mara 0.4536 ni kilo 25.4, gawa kwa 35.239 unapata 0.721 tena. Umeona? Kile kitabu hakijipingi, kurasa zote mbili zinasema kitu kimoja kwa vipimo tofauti.

Kihenge chenyewe: busheli 500 mara paundi 56 ni paundi 28,000, ambazo ni kilo 12,700. Gunia 127 za kilo 100. Mweka hazina wenu hajakosea.

Ila katibu naye hajakosea mkuu! Debe 881 za kusawazishwa gawa kwa 6 ni 147 kweli, lakini kila gunia hapo lina debe 6 za kilo 14.4, yani kilo 86 na kidogo. Gunia 147 za kilo 86.4 ni mzigo ule ule wa gunia 127 za kilo 100. Mnabishana kuhusu gunia mbili tofauti, moja ni ya ujazo moja ni ya uzito, na kinachoziunganisha ni hiyo densiti.

Mwenyekiti naye nadhani anatumia lile debe la bati la zamani la mafuta ya taa. Lile ni galoni 4 za Kiingereza, lita 18.2. Busheli gawa kwa hilo unapata 1.94, ndo maana kichwani mwake busheli ni debe mbili, na kwa debe lile yuko karibu sana. Sasa hivi watu wengi wanapimia ndoo ya plastiki ya lita 20, hapo hesabu yake inaanza kuhama.

Bahi_Boy

Si mshushe tu app ya kugeuza vipimo ipo bure mnaumiza kichwa bure

FundiMizani

App nzuri mkuu na mimi ninayo, inakupeleka kwenye kilo kwa mita ya ujazo vizuri tu. Ila haina debe, haina gunia, na inakuuliza galoni ya wapi ukichagua vibaya inakupa jibu la uongo kwa tarakimu nane baada ya nukta. Lazima mtu ajue anachokiuliza.

Mwl_Fizikia_Dom

Nimeupenda huu uzi. Nafundisha fizikia hapa Dodoma na naomba niwape njia ambayo mimi naiona ni bora kuliko kukariri namba za kugeuzia, na inafaa kabisa kwa watu wa kikundi ambao hawataki kusikia futi ya ujazo.

Pitia kwenye maji. Badala ya kuuliza mahindi yana paundi ngapi kwa futi, uliza mahindi ni mazito kiasi gani ukilinganisha na maji yaliyojaa chombo hicho hicho. Hiyo namba haina kipimo. Haijali kama uko Marekani, Uingereza au Kibaigwa. Chombo kiwe busheli, debe, kopo, pipa, jibu ni lile lile.

Maji kwenye futi moja ya ujazo ni paundi 62.4. Kwenye busheli ya Marekani ni paundi 77.7. Kwenye galoni ya Marekani ni paundi 8.34, kwenye galoni ya Uingereza ni paundi 10, kwenye debe la lita 20 ni kilo 20. Sasa chukua kitabu chenu: 45 gawa kwa 62.4 ni 0.72. 56 gawa kwa 77.7 ni 0.72. Mmemaliza. Mahindi ya kitabu hicho ni 0.72 ya maji, kwahiyo debe ni 20 mara 0.72. Alizeti 25 gawa kwa 77.7 ni 0.32, kwahiyo debe la alizeti kwa kitabu hicho ni kilo 6.4 tu. Mtu wa darasa la saba anaifanya hii kwenye karatasi.

Ile paundi 10 kwa galoni ya Uingereza haikutokea kwa bahati. Mwaka 1824 Waingereza walitunga sheria kwamba galoni ni ujazo wa paundi 10 za maji kwenye nyuzi 62 za Fahrenheit, yani walijenga kipimo cha ujazo juu ya uzito wa maji makusudi. Wamarekani wao walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo ya inchi za ujazo 231, iliyowekwa kisheria Uingereza mwaka 1707, pamoja na busheli ya zamani ya inchi za ujazo 2,150.42. Ndo maana leo galoni ni mbili na busheli ni mbili. Busheli ya Uingereza ni galoni zao 8, lita 36.37. Mkuu Mkulima_Kongwa kihenge chako kimetoka Marekani kwahiyo tumia 35.24, ukichanganya unapata gunia 4 hewa.

Na faida kubwa kabisa ya njia ya maji ni kwamba mnaweza kupima mahindi YENU. Msitegemee 56 ya kitabu, hiyo ndo kiwango cha chini cha mahindi ya daraja la kwanza kwa Marekani, daraja la pili ni 54. Mahindi yenu mna haki ya kujua densiti yake. Chukua ndoo, ipime tupu, ijaze maji mpaka mdomoni kabisa, pima, toa uzito wa ndoo. Kilo za maji ndo lita za ndoo yako, usiamini maandishi ya kiwandani maana ndoo nyingi za lita 20 ukizijaza mpaka mdomo zinazidi. Ikaushe vizuri, mimina mahindi bila kutikisa, pitisha ubao ulionyooka juu, pima. Gawa mahindi kwa maji. Rudieni na ndoo nyingine muone kama namba inatulia.

MamaMashudu_Singida

Jamani naomba nichomekee hapo hapo kwenye galoni maana imenigusa. Mimi nakamua alizeti huku Singida. Kuna mnunuzi aliniletea karatasi ya mafuta, imeandikwa densiti 7.7 lb/gal, kijana wangu akageuza kwa galoni ya lita 4.546 akapata 0.77. Nikamwambia haiwezekani, mafuta ya kula hayawezi kuwa mepesi kuliko mafuta ya taa, yale yako kwenye 0.8. Akarudia kwa galoni ya Marekani ya lita 3.785 ikatoka 0.92 na hiyo ndo alizeti ninayoijua miaka yote.

Na kuna kitu wakamuaji wengi wadogo kinatuumiza, naomba mtu wa vipimo athibitishe. Ukiuza kwa dumu la lita 20 halafu mnunuzi anakuja na bei ya tani, lile dumu halina kilo 20. Lina kilo 18.4. Tani moja ni madumu 54 na kidogo sio 50. Sasa wengine wanaweka bei ya dumu kwa kuchukua bei ya tani na kuigawa kwa 50, wengine wanapeleka madumu 50 wanaambiwa tani haijatimia wanaona wameibiwa, kumbe ni densiti tu ilikuwa haijaingia kwenye mazungumzo tangu mwanzo. Nawasisitiza sana wenzangu, kabla ya bei ulizeni kwanza tunauziana kilo au lita.

Mwl_Fizikia_Dom

Mama nathibitisha kabisa. 0.92 mara 20 ni 18.4. Na ile kumwambia kijana haiwezekani kwasababu ya mafuta ya taa ndo inavyotakiwa, ukishageuza namba iweke karibu na kitu unachokijua uone kama inakubali.

Nyongeza ndogo, mafuta yanatanuka kwenye joto. Hiyo 0.92 ni ya nyuzi 20 za sentigredi, mafuta yakiwa yametoka kwenye mashine ya moto yanashuka kidogo, kila nyuzi 10 zinaondoa kama 0.006 au 0.007. Kwenye dumu moja huoni, kwenye pipa la lita 200 ni zaidi ya kilo moja. Ukipima lita, pima yakiwa yamepoa. Na hilo pipa nalo, la galoni 44 za Uingereza ni lita 200, ila likiwa limeandikwa 55 gal hiyo ni Marekani na ni lita 208.

Babu_Kondoa

Wajukuu zangu mnafanya vizuri. Niongeze ya zamani kidogo kwasababu wengi mnadhani shida hii imeletwa na Wazungu.

Sisi tulikuwa na kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili kisaga, vibaba vinne pishi. Hivyo ni vyombo, ni ujazo. Halafu tulikuwa na wakia, ratili na frasila. Wakia 16 ratili moja, ratili 35 frasila moja, karibu kilo 16 za sasa. Hizo ni uzito. Mtu wa dukani akinunua kwa frasila akauza kwa kibaba alikuwa anafanya hesabu ya densiti kila siku bila kuijua kwa jina hilo, na alikuwa anajua pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya mtama wala ya unga. Mpaka leo mfungo ukiisha watu wanatoa zakatul fitri kwa pishi, masheikh wanatangaza kilo mbili na nusu au zaidi kidogo, na swali linarudi kila mwaka ni pishi ya chakula gani.

Na gunia. Zamani gunia la mahindi Afrika Mashariki lilikuwa ratili 200. Geuza utapata kilo 90.7. Ndo maana wenzetu Kenya mpaka leo gunia lao wanasema kilo 90. Sisi tukaenda kwenye 100. Huyo katibu wenu mwenye gunia la kilo 86 hayuko mbali na gunia la babu zake.

Mkulima_Kongwa

Wakuu nimefurahi sana, asanteni mno. Babu shikamoo.

Tumefanya kile alichosema mwalimu, tumekusanyika wanachama wote ili asiwepo wa kusema ameambiwa. Ndoo yetu ya lita 20 imebeba maji kilo 21.4 mpaka mdomoni. Kweli imezidi. Mahindi ya kusawazisha na ubao yametoa kilo 16.1. 16.1 gawa kwa 21.4 tumepata 0.752. Ndoo ya pili ya jirani imetoa 0.75 vile vile. Mahindi yenyewe yamekauka vizuri, kipimo cha unyevu kilisoma chini ya asilimia 13.5.

Kwahiyo mahindi yetu yanapita ya kitabu. 0.752 mara 77.7 ni 58.4 lb/bu na mara 62.4 ni 46.9 lb/ft3. Watu wamefurahi hapo hadi wakapiga makofi.

Ila sasa limezuka lingine. Gunia la debe 6 tunalolijua sokoni linafika kilo 100. Hapa 6 mara 16.1 ni 96.6, na kwa ndoo ya lita 20 kamili ingekuwa kilo 90. Hizo kilo nyingine zinatoka wapi? Na je kihenge chetu kwa mahindi yetu ni gunia ngapi sasa, tusitumie tena 127?

FundiMizani

Safi sana, hiyo 0.752 ishikeni, iandikeni kwenye daftari la kikundi na tarehe.

Kilo zilizobaki ziko kwenye kilima. Debe la sokoni halisawazishwi, linajazwa mpaka linafanya kilima juu, na hicho kilima kinapimika. Mahindi makavu ukiyamwaga yanasimama kwa mteremko wa nyuzi 23 hivi. Ndoo ya plastiki yenye mdomo wa sentimita 30, kilima chake kina kimo cha sentimita 6.4, ujazo ni lita 1.5, mara 0.752 ni kilo 1.1. Kwenye debe 6 ni karibu kilo 7. Hiyo peke yake inakutoa 96.6 inakupeleka 103. Na mpimaji akitikisa ndoo au akaipiga chini punje zinajipanga, zinaingia nyingine tena.

Angalia na hili, lile debe la bati mdomo wake ni mraba wa sentimita 23 na nusu hivi, kilima chake hakifiki hata lita moja. Mdomo ukiwa mpana kilima kinakua haraka kuliko mdomo wenyewe, mdomo ukiongezeka mara mbili kilima kinaongezeka mara nane. Kwahiyo mnunuzi anayekuja na chombo kifupi kipana cha "lita 20" anaondoka na mahindi mengi kuliko mwenye chombo kirefu chembamba, wote wakisema wamechukua debe moja. Mkulima anayeuza kwa debe la kilima anatoa kilo 7 kila gunia bila kulipwa, na bado hatujagusa lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi. Hili linaniuma sana kwasababu nimezunguka minada huku kanda ya kati na naona wanaoumia ni wale wale wenye gunia tatu nne za kuuza. Wakala wa Vipimo wanapigia kelele lumbesa na kuhimiza mizani miaka yote, na wako sahihi, mizani haina kilima.

Kihenge chenu: kipenyo futi 9, nusu yake 4.5, mara 4.5, mara 3.1416, mara kimo 10, ni futi za ujazo 636. Gawa kwa 1.2445, ndo futi za ujazo kwenye busheli moja, unapata busheli 511, kwahiyo kibao cha 500 bu hakijadanganya. Futi 636 mara lita 28.317 ni lita 18,000. Mara 0.752 ni kilo 13,540. Gunia 135 za kilo 100 za mahindi yenu, yakiwa yamesawazishwa usawa wa ukuta. Mahindi ya chini yanabanwa na ya juu kwahiyo inaweza kuongezeka asilimia chache, ila msiigawe hiyo kwa wanachama, gawaneni 135 au hata 130 mbaki na nafasi ya kuingia kukagua wadudu na joto. Na msishawishike kujaza kilima juu ya ukuta, kwa kipenyo hicho kilima ni kama gunia 8, ila mtakosa hewa chini ya paa.

Kitu kingine ambacho densiti inakwambia na hujakiuliza. 46.9 lb/ft3 mara kimo cha futi 10 ni paundi 469 kwenye kila futi ya mraba ya sakafu, yani zaidi ya tani 2 kwa kila mita ya mraba, bado hujaweka uzito wa chuma. Mmekiweka juu ya nini? Kongwa kuna sehemu zina udongo mweusi wa mbugani, ule unavimba masika na kupasuka kiangazi. Kabla hamjajaza tafuteni fundi wa msingi aone, kihenge kikiinama upande mmoja na mzigo ndani hamtakuwa na namna ya kukinyoosha.

Mkulima_Kongwa

Kiko kwenye kichanga chekundu pembeni ya kilima, sio mbugani, ila zege la chini ni la inchi 4 tu. Tutaita fundi kabla ya kuweka hata debe moja. Swali la mwisho wakuu, wenzetu wawili wanataka kuweka alizeti badala ya mahindi, wapewe nafasi sawa kwa gunia?

Mwl_Fizikia_Dom

Kwa gunia la ujazo, ndiyo sawa, ila kwa kilo hapana. Kihenge hicho hicho chenye tani 13.5 za mahindi yenu, kwa alizeti ya kitabu ya 25 lb/bu kinaingia tani 5.8 tu na kimejaa. Kwahiyo kilo 100 za alizeti zinakula nafasi ya kilo 230 za mahindi. Nafasi ndani ya kihenge ni lita, kwahiyo michango ya nafasi ipigwe kwa lita, halafu daftari la nani ameingiza nini liandikwe kwa kilo za mizani. Na alizeti yao ipimwe kwanza kwa ndoo na maji kama mlivyofanya mahindi, maana 25 ni kiwango cha chini cha daraja la kwanza la Marekani na mbegu zinatofautiana sana, ya mafuta yenye ganda jembamba huwa nzito kuliko zile kubwa za kutafuna.

Na msizichanganye kwenye kihenge kimoja, mkuu. Wekeni zao kwenye magunia pembeni.

MamaMashudu_Singida

Na wakishaipima waniambie wamepata ngapi, nataka kulinganisha na ya huku.

Mkulima_Kongwa

Alizeti yao: kilo 8.1 gawa kwa 21.4 za maji, ndoo ile ile. 0.38.

MamaMashudu_Singida

Paundi 29 na nusu kwa busheli ya Marekani. Hiyo imejaa kiini, msiiuze kwa debe.